Sitara kwa Wenye Mimba Changa: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuarifu kwamba mjukuu wangu, alipotimiza mwezi wa pili wa himila yake ya kwanza, alikwenda zahanati moja ya huku Likoni, akaulizwa haja yake kwa sauti mbele ya benchi lililojaa watu, kisha akaambiwa arudi tumbo likichomoza. Naye, kwa haya iliyompata, hakurudi hata ulipoingia mwezi wa sita, na damu imekwisha kumpungukia.

Shirika la Afya Duniani liliusia mwaka 2016 kwamba mja mzito ahudhurie kliniki mara nane, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12, kwani kaswende ikigunduliwa mapema huponywa kwa sindano ya penisilini kabla haijamdhuru mtoto, na damu iliyopungua haijazwi kwa siku chache za kukaribia uchungu. Malipo ya kujifungua katika hospitali za serikali yaliondolewa mwaka 2013, nasi tulishukuru. Lakini taabu ya miezi ya mwanzo ya mimba ilibaki vile vile.

Husemwa kwamba wanawake wetu huchelewa kwa ujinga. Sikubali. Nauli ni tatizo, na kibarua cha siku kikipotea ni tatizo, walakini katika mitaa yetu, ambamo Mdigo, Mswahili, Mkamba, Mluo na Msomali huchangia ua mmoja, wengi wao, kila mtu kwa mila yake, huificha mimba changa kwa kuchelea husuda, au kwa hofu kwamba huenda isikae. Hiyo ni sitara, Mheshimiwa, na zahanati inayomtaka mwanamke aivue sitara yake barazani ndiyo inayomfukuza.

Kwa hiyo nakuomba chumba chenye mlango, na mpokezi aliyekatazwa kuuliza haja ya mtu hadharani. Na miongoni mwa wahudumu wa afya ya jamii waingizwe makungwi na wakunga wa mitaa, wa kila lugha isemwayo hapo, kwa kuwa hao huijua mimba kabla mama mkwe hajaishuku, na neno lao hukubaliwa.

Yuko mwengine sasa, sitamtaja kabila wala nyumba, aliyeniamini kwa siri yake. Jumatatu nitafuatana naye.

Wasalaam,
Bibi wa Likoni