Tusome Kitabu Kizima: Ilani Kutoka Nyamarambe

Nakala ya Nguu za Jadi iliyo mezani tunapoandika maneno haya imepita mikononi mwa wanafunzi watatu. Jalada limebandikwa gundi, na ukiisimamisha inafunguka yenyewe palepale ilipozoea kufunguliwa. Kurasa zilizochakaa ni chache, na pembeni mwa kila moja pana herufi D iliyoandikwa kwa penseli: dondoo. Kurasa nyingine zote ni safi kama zilivyotoka kiwandani. Clara Momanyi aliandika riwaya nzima. Wanafunzi watatu wa Mugirango Kusini wakasoma vipande vyake, wakafanya mtihani, wakapita, na mmoja wao amekuja kutwambia kwamba mpaka leo hajui hadithi ile inaishaje.

Kwa sababu ya nakala hiyo tumeketi hapa Nyamarambe, walimu wawili, fundi cherehani, mama anayeuza mboga, vijana wanne waliomaliza kidato cha nne, mwendesha boda boda mmoja na mchongaji kutoka Tabaka, na tumekubaliana kuanzisha harakati ya uhakiki. Hatuna ofisi. Tuna vitabu kumi na saba, na tuna hasira.

Hasira yetu ni kwamba kazi ya kusoma imechukuliwa na mwongozo. Mtoto anapewa kitabu kidogo chenye orodha ya maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha, anakikariri, kisha kitabu chenyewe kinakaa kwenye sanduku la bweni. Mmoja wetu, akiwa kidato cha tatu, aliandika kwamba mhusika fulani ambaye mwongozo ulimwita jasiri alikuwa mwoga, na akataja mahali pawili alipokimbia. Alipewa sufuri. Mwalimu wake alimwambia kwamba huenda ana hoja, lakini haimo kwenye majibu. Tangu siku hiyo hakuandika tena jambo alilolifikiria mwenyewe katika somo la fasihi, na alama zake zikapanda.

Karatasi ya tatu ya Kiswahili huuliza: eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Maswali hayo ni mazuri, na yeyote anayeyadharau hajawahi kusoma kwa makini. Tunachokataa ni mtu kufundishwa kwamba akishayajibu amemaliza. Baada ya "nani anasema" kuna swali ambalo halina alama: je, anasema kweli? Na jingine: mwandishi amemtendea haki? Hapo ndipo uhakiki unapoanza, na hapo ndipo kengele ya darasa hulia.

Mchongaji wetu wa Tabaka alituonyesha kitu ambacho tangu hapo hakijatutoka. Alileta kiboko wa jiwe la sabuni, mkavu, mweupe wa vumbi la msasa, na akatuuliza kama ni kazi nzuri. Tukasema ni nzuri. Akamtumbukiza kwenye karai la maji, akamgeuzageuza, akamtoa. Jiwe lilikuwa limegeuka rangi. Mishipa ya waridi ilijitokeza mgongoni, uzuri ambao hatukuuona kabla, na nyuma ya sikio ukatokea mstari mwembamba mweusi, mahali tupa ilipoingia ndani mno. "Akikauka hamtauona tena," alisema, "lakini mnunuzi akimwangusha, hapo ndipo atakapovunjikia." Maji hayakuongeza kitu kwenye lile jiwe wala hayakupunguza. Yalionyesha mshipa na ufa kwa pamoja. Tunataka kukifanyia kitabu jambo lilo hilo, na tunakataa wale wawili wanaoharibu kazi hii: anayesifu kila kitu kwa kuwa mwandishi ni wa kwao, na anayeponda kila kitu ili aonekane msomi.

Hatuanzi kutoka patupu. Mwaka 1965 Taban lo Liyong alilalamika katika jarida la East Africa Journal kwamba Afrika Mashariki ni tasa kifasihi. Watu wengi walichukia. Tarehe 24 Oktoba 1968, yeye na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka Nairobi, kwenye kile kilichokuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, fasihi simulizi ikiwa nguzo yake. Waraka wa kurasa chache ulibadilisha kile ambacho vizazi vya wanafunzi wa Kenya vimesoma. Tunaomba kila kijana wa hapa aujue waraka huo kama anavyojua majina ya wachezaji wa mpira, kwa sababu ulikuwa kazi ya wahakiki. Walisoma mtaala kama mtu asomavyo kitabu, wakaona ni nani hayumo.

Miaka ileile, Dar es Salaam, Farouk Topan alianza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili chuo kikuu. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Wakati ule hata istilahi zenyewe zilikuwa zinatafutwa. Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, alioutoa 1971, ulionyesha kwamba lugha hii inaweza kujitazama yenyewe bila kukopa macho. Baada yake wakaja wengi: Senkoro, Mulokozi, Balisidya, na huku Kenya Kimani Njogu, Rocha Chimerah, Mwenda Mbatiah, R. M. Wafula, na K. W. Wamitila ambaye Uhakiki wa Fasihi wake wa 2002 bado unabebwa mikobani na walimu wetu wawili. Momanyi naye tunamtaja hapa pia, maana kabla ya kusomwa kama mwandishi wa riwaya alikuwa amechunguza jinsi mwanamke Mwislamu anavyochorwa katika ushairi wa Kiswahili.

Tunataka kusimama kidogo kwenye ugomvi wa ushairi, kwa kuwa ndio tunaoupenda kuliko yote. Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi 1954, vina na mizani vikiwa ndio uti wa mgongo. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata sheria hizo. Moto ukawaka. Wengine walisema hayo si mashairi hata kidogo. Wengine walisema vina vimekuwa kamba shingoni mwa mshairi. Ibrahim Noor Shariff aliurudia mjadala huo 1988 katika Tungo Zetu, akiutetea utungo wa Waswahili wenyewe. Watu walikasirikiana kweli, na hakuna aliyemshinda mwenzake kabisa. Lakini fikiria jambo lenyewe: watu wazima wakibishana miaka na miaka juu ya mahali pa kuweka kituo katika mstari. Lugha inayogombaniwa hivyo iko hai. Sisi tunaona pande zote mbili zilikuwa na haki ya kukasirika, na kwamba kosa kubwa lingekuwa kunyamaza. Nyamarambe hatujawahi kukasirikiana kwa ajili ya shairi. Tunakusudia kuanza.

Kuna watakaotuuliza: uhakiki utatokaje kijijini? Si kazi ya maprofesa wa mjini? Tumetafuta jibu mbali, Hispania, na tumelipata. Leopoldo Alas, aliyejiita Clarín, alifundisha sheria Oviedo, mji wa kaskazini ulio nyuma ya milima, mbali na Madrid yenye magazeti na majumba ya maonyesho. Kutoka huko alipeleka uhakiki wake kwenye magazeti ya mji mkuu hadi akafa 1901, na waandishi wa Madrid walikuwa wakimwogopa. Umbali ulimsaidia. Hakula meza moja na aliowahakiki. Na mji uleule mdogo uliomchosha akaufanya riwaya, La Regenta, ambayo Wahispania mpaka leo wanaihesabu miongoni mwa bora walizonazo.

Mfano wa pili umetugusa zaidi. Mwaka 1900 Ramón Menéndez Pidal na María Goyri, wasomi wote wawili, walikuwa kwenye fungate yao, wakifuata njia aliyopita El Cid, shujaa wa utenzi wa kale wa Kihispania. Walipofika mji mdogo wa Osma wakakutana na mwanamke mfuaji nguo, naye akawaimbia. Goyri akautambua wimbo: ulihusu kifo cha mwana wa mfalme aliyefariki karne nne nyuma, na wasomi walidhani nyimbo za aina hiyo zimekwisha kutoweka midomoni mwa watu wa eneo lile. Fungate ikageuka kazi. Wakaandika, na waliendelea kukusanya nyimbo hizo maisha yao yote. Wimbo ulikuwa unaishi kwa mfua nguo, na ulihitaji mtu aliyesoma kiasi cha kujua anachokisikia.

Pwani yetu ina mfano wake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840, na mashairi yake mengi yalikuwa vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua aliyafuata huko, akayakusanya, akayaeleza. Bila yeye tungebaki na jina tu. Wahispania walimfanyia hivyo mshairi wao Góngora, aliyedharauliwa muda mrefu kama fumbo lisilo na maana: mwaka 1927, miaka mia tatu baada ya kifo chake, Dámaso Alonso alilitoa upya shairi lake gumu kuliko yote pamoja na nathari iliyolifafanua, ili msomaji aone kwa macho yake kwamba maana imo. Kumfufua mshairi ni kazi ya mhakiki.

Sasa tujiulize wenyewe. Mfua nguo wa Gucha anaimba nini? Obokano wa nyuzi nane unapopigwa matangani, ni nani kati yetu aliyewahi kuandika walau ukurasa mmoja juu ya jinsi mwimbaji anavyopanga majina ya marehemu, anaanza na nani, anamruka nani? Emegano za bibi zetu zimekusanywa kidogo na kuhakikiwa kidogo zaidi. Esimbore huimbwa kila msimu wa tohara, na kwa kuwa ina maneno ya aibu tunaiacha ipite kama mvua. Tangu 2013 tamasha la Kistrech huleta washairi wa nchi nyingi hapa Kisii. Wanasoma, wanapigwa makofi, wanapanda gari. Hakuna anayeandika kesho yake kwamba shairi fulani lilikuwa zuri mpaka ubeti wa mwisho likaanguka. Makofi peke yake ni adabu ya kumpokea mgeni. Mshairi anastahili kujibiwa.

Kwa hiyo tunaahidi haya. Hatutazungumzia kitabu ambacho hatujakimaliza, na atakayekuja na mwongozo ataombwa auache mlangoni pamoja na viatu vya tope. Kila anayesifu ataonyesha ukurasa. Kila anayelaumu ataonyesha ukurasa. Nadharia tutazisoma, umaksi, ufeministi, umuundo na nyinginezo, lakini hatutamkubali mtu aitaje nadharia kabla hajatwambia kitabu kilimfanya nini usiku alipokuwa akikisoma. Tutaandika kwa Kiswahili ambacho mama wa mboga anakifuata bila kukalimaniwa, na yeye ndiye mhariri wetu wa kwanza. Sentensi asiyoielewa inarudi kwa mwenyewe. Tutahakiki kazi za Ekegusii kwa uzito uleule tunaoutumia kwa riwaya zilizochapishwa Nairobi. Mwandishi wa kwetu hatapata upole wa pekee. Na tutakapokosea, atakayetusahihisha maneno yake yatasomwa kwa sauti mbele ya wote, kabla ya yetu.

Kwa walimu wa shule za jirani tuna ombi moja tu. Mwanafunzi akiandika jibu lisilo kwenye orodha, na ametaja ukurasa, msimpe sufuri. Andikeni pembeni: nishawishi zaidi.

Tunaanza Jumamosi ijayo, saa nane mchana, kwenye chumba cha fundi cherehani. Kitabu ni kilekile, Nguu za Jadi, kuanzia ukurasa wa kwanza, tukisoma kwa zamu na kwa sauti. Yule kijana ambaye hajui hadithi inavyoisha ndiye atakayeanza. Nakala ni nne. Aliye na ya tano aje nayo, hata kama haina jalada.