Kiarabu, Kitamil na lugha ya jirani
Wiki hii, sokoni Masisi, vijana wawili wanaouza yunite za simu walikuwa wakibishana: ipi nyepesi kujifunza, Kiarabu au Kitamil? Mmoja anaota Dubai. Mwenzake amevutiwa na filamu za India ya kusini. Swali si baya. Mswahili anaanza Kiarabu akiwa na akiba ya maneno mfukoni, kitabu, hesabu, habari, ila maandishi yake kwa kawaida huacha irabu fupi, msomaji ajijazie. Kitamil kina herufi 247, na kitenzi husubiri mwisho wa sentensi. Lakini hupachika viambishi kimoja baada ya kingine, mtindo tuliouzoea, ingawa wao hupachika nyuma ya mzizi. Haya, chagueni! Nami nikawachokoza: nani hapa anaweza kumsalimu mzee wa Walikale, jirani zetu, kwa Kinyanga? Wakacheka tu. Kumbe Kinyanga ndicho kilichobeba utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Shé-Kárisi Rureke mwaka 1956, kisha Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, wakauchapisha mwaka 1969. Nacho, kama Kihunde cha hapa Masisi, ni cha Kibantu. Ngeli zake hazimtishi Mswahili. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kwangu mimi, watu wa huku wanaogombania vilima bila kujua hata salamu za wenzao wamejinyima silaha ya amani iliyo rahisi kuliko zote. Someni Kiarabu, someni na Kitamil, lakini anzeni na jirani.