Nguchiro Mtoto wa Mjini, Chura Je?

Wiki hii mapenzi na mitindo tunaweka pembeni. Nataka kuwapambanisha wanyama wawili wa hapa hapa Bongo: nguchiro na chura wa Kihansi. Usicheke, tulia usome.

Nguchiro ni mtoto wa mjini! Nyoka anakula, mende anakula, na yai akilipata analirusha nyuma, katikati ya miguu yake, likapasukie kwenye jiwe. Mfyekee pori, utamkuta jirani na banda lako la kuku. Washkaji zangu wanamzimia kweli kweli.

Sasa chura. Huyu aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Rangi yake ni njano ya dhahabu, mkubwa wao hafiki sentimeta 3, na hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa vitoto vilivyokamilika. Makao yake yalikuwa kama hekta 2 tu, pale panapolowa rasharasha za maporomoko. Dunia nzima hana kwingine.

Hapo vijana wa kijiweni wanadakia: chura gani ana maringo hivyo, si afe tu! Jamani, tusizugane. Yale maji hayakukauka yenyewe. Mwaka 2000 karibu asilimia 90 yake yalishageuziwa kwenye mitambo ya umeme. Megawati 180 hizo, zinaingia gridi ya Taifa. Feni ya geto lako imo humo, na pasi unayonyooshea suruali ya Ijumaa nayo imo.

Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Bronx Zoo, New York. (Viza walipata, wewe je?) Waliobaki korongoni wakafungiwa mabomba ya kunyunyiza maji, lakini mwaka 2003 wakapukutika, na ugonjwa wa ukungu ukatajwa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha.

Wale wa ughaibuni wakazaana. Mwaka 2010 wakarudi 100, wakafikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 zaidi ya 2,000 wakapelekwa kwao Kihansi, kwenye rasharasha za mabomba.

Mimi kura yangu nampa chura. Wewe wa kijiweni baki na nguchiro wako, ila mayai yakipotea bandani usije kunililia.