Dada, ulichotuuzia si kikombe, ni udongo uliopakwa rangi

Wadau, leo sina habari za nani kaachana na nani. Leo nina kesi ya kikombe. Au niseme nilikuwa na kikombe, maana kimeyeyuka mezani kwangu pamoja na chai yote, nikabaki nimeshika mkono wake tu, natazama tope likitiririka kuelekea kwenye laptopu.

Ngoja nianze mwanzo. Kuna dada mmoja wa hapa mjini, jina sitaji, na wewe uliyeshamjua baki naye moyoni. Aliwahi kung'ara kwenye filamu zetu, akahamia kwenye vipodozi, akahamia kwenye keki, na mwaka huu ameibuka mfinyanzi. Kila Jumamosi ana darasa la wanaoanza. Masaa mawili, glasi ya mvinyo, aproni ya kuazima, mpiga picha yupo, na "unaondoka na kazi yako siku hiyohiyo". Laki moja na ishirini kwa kichwa. Picha mmeziona: udongo kidogo shavuni, macho chini, mikono juu ya gurudumu, na chini ameandika kwamba vyungu vyote rafuni ni kazi ya mikono yake.

Nikalipa. Na sikwenda kumchunguza mtu, jamani, mimi napenda vyungu. Nimekulia kwa bibi ambaye maharage ya kwenye sufuria alikuwa anayaita chakula cha hospitali.

Tulikuwa kumi na wawili, magurudumu ya umeme manne. Zamu yangu ilipofika udongo ukaanza kuyumba kama daladala yenye tairi bovu. Kabla sijauliza kitu, kijana akaja nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya yangu, udongo ukatulia. Picha! Zamu imeisha. Kazi yangu ikabebwa "kwenda kurekebishwa nyuma". Ilipokwenda ilikuwa kama kandambili iliyokanyagwa. Iliporudi ilikuwa kikombe chembamba, kina mkono, kimekaushwa kwa kikaushio cha nywele. Nikapewa rangi, nikachora ua, nikapigwa picha, nikaondoka. Nilijua moyoni si changu, lakini nilinyamaza. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Kesho yake asubuhi nikatia chai. Mengine mmeshayasikia.

Jumatatu nikarudi na tope langu kwenye mfuko wa plastiki. Binti wa mapokezi akaniambia, "Dada, hivyo ni vya urembo." Sasa kama ni vya urembo, kwa nini tangazo linasema kikombe? Wakati nasubiri mwenye mali, nikasikia mtu anapigapiga udongo uani. Nikachungulia. Mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni, amekaa chini, mbele yake safu ya vyungu. Vilevile vya rafuni. Vilevile vya kwenye picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kimekuyeyukia?"

Hakuuliza mara mbili. Akatazama mfuko akatikisa kichwa. "Hicho ni kibichi. Nimewaambia kibichi hakitiwi maji, wakasema wateja hawataki kusubiri."

Mama huyu anatoka upande wa Kyela, kwa Wakisi, kule mwambao wa Ziwa Nyasa ambako wanawake wamefinyanga kwa vizazi na vyungu vyao hupakiwa kwenye mitumbwi kwenda sokoni Matema. Yeye ndiye anayekanda udongo wa darasa. Yeye ndiye "nyuma" ambako kandambili zetu zinageuka vikombe. Anapewa elfu kumi na tano kwa siku. Jumamosi wageni wakifika, anaambiwa akae uani.

Wadau, hapo ndipo damu ilipochemka. Laki na ishirini zangu nimeshazisamehe.

Tuanze na kikombe. Udongo uliokauka juani au kwa kikaushio cha nywele ni udongo tu. Utie maji, unarudi tope. Kinachoufanya uwe chungu ni moto. Ukishapita nyuzi joto 600 hivi, udongo hubadilika asili na haurudi tena kuwa tope, hata ukiuloweka mwaka. Moto wa kuni na nyasi wa mama zetu unafika huko. Tanuri la umeme linakwenda mbali zaidi, nyuzi 1,000 kwa vyombo vya kawaida, 1,200 na zaidi kwa vile vigumu vinavyolia kama kengele ukivigonga. Na kabla ya moto, chombo lazima kikauke polepole mpaka ndani, siku kadhaa, kwa hali ya hewa ya Dar hata wiki na zaidi. Ukikiharakisha, maji yaliyobaki ndani yanageuka mvuke na chungu kinapasuka tanurini. Halafu vikombe vya studio kwa kawaida huchomwa mara mbili, mara ya kwanza kikavu, mara ya pili kikiwa na ile rangi inayoyeyuka na kuwa kama kioo. Kwa hiyo anayekwambia utafinyanga saa nane na saa kumi uondoke na kikombe cha chai, anakuuzia jambo lisilowezekana. Na ile rangi ya kuchorea picha si kitu cha kugusisha mdomo.

Sasa tuje kwenye ualimu. Kuutuliza udongo katikati ya gurudumu ni jambo la majuma, kuna watu linawachukua miezi. Mwalimu anayejua kazi hakuanzishi hapo. Anakupa bonge mkononi, utoboe kwa kidole gumba, ubinye ukizungusha, ujue unene kwa vidole. Kisha anakufundisha kusokota kamba za udongo na kuzipanga. Ukifika kwenye gurudumu, anachukua waya anakata chungu chako katikati, kipande huku kipande kule, uone mwenyewe kitako ni kinene na ubavu umekonda wapi. Inauma, lakini unajifunza. Anayekumalizia kazi yako ili upendeze kwenye picha amekunyima kitu kimoja ulichokwenda kukilipia. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Na mwanafunzi vilevile, ukishamzoesha sifa za bure, amekauka.

Najua mtakachosema. "Una wivu." "Mwanamke akijiajiri mnamsema." "Watu wanakwenda kula bata, siyo kusomea digrii." Sawa. Starehe si dhambi. Mwite mchezo wa udongo, weka mvinyo na muziki, nitakuja na shoga zangu wanne. Lakini umeandika darasa. Umeandika mwalimu. Umeandika mikono yako. Maneno hayo matatu yana mwenyewe, na mwenyewe yuko uani.

Na msiniambie mama wa kijijini hawezi kusimama mbele ya wateja wa kisasa. Nigeria alikuwepo mama akiitwa Ladi Kwali, alijifunza kufinyanga kwa shangazi yake. Mwaka 1954 alijiunga na kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza, Michael Cardew. Hakufichwa uani. Alipelekwa hadi Uingereza na Marekani kuonyesha watu anavyofinyanga, kwa jina lake, na leo sura yake iko kwenye noti ya naira 20. Na hapa jirani, Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alikwenda kituo hichohicho miaka ya 70 kujifunza kwa wanawake wale. Mpaka leo anajenga vyungu vyake kwa mkono, bila gurudumu. Kazi zake ziko kwenye jumba la makumbusho la British Museum, na mwaka 2020 Uingereza ikampa heshima ya kuitwa Dame. Aliketi chini ya waliojua, na hakuona aibu kusema alijifunza kwa nani.

Tunao msemo, mfinyanzi hulia gaeni. Tunaucheka, eti fundi hana chombo chake. Lakini nani kachukua chombo chake? Safari hii mimi nimemwona.

Dada, dawa yako ni rahisi wala haikufilisi. Mtoe mama uani, mweke mbele, taja jina lake kwenye tangazo, mlipe mgao wa kila kichwa kinachoingia. Nunua tanuri au kodi, na waambie wateja warudi baada ya wiki tatu. Watarudi. Na wewe keti kwenye gurudumu la nne, ujifunze na sisi.

Na wewe unayetaka kwenda, kabla hujatuma muamala uliza mambo matatu. Tanuri liko wapi? Nani atagusa udongo wangu? Na aliyefinyanga vile vya rafuni anaitwa nani? Wakibabaika, okoa pesa yako.

Siku ile mama alinipa bonge la udongo bila kuniuliza. Vikombe vinne vikaanguka. Kila kikianguka anacheka, anakikanda upya, ananirudishia, hakuweka kidole. Cha tano kikasimama. Akakichukua, akakichoma na vyake kwao Mbagala, nikakifuata baada ya wiki tatu. Kimepinda, kina doa jeusi la moshi ubavuni, na kinavuja jasho kidogo ukitia maji. Mama anasema nikipikie uji mzito, kitaziba.

Changu hicho. Nyie mnasemaje, nimekosea? Tupieni maoni hapo chini, ila majina ya watu msitaje.