Kabla Bumu Halijaishia kwenye Kadi ya Sauti

Bumu likitoka tu, hosteli kwetu lazima apatikane prodyuza mmoja anayetangaza kwamba safari hii ananunua kadi ya sauti, maana biti zake "zinachelewa". Ndugu yangu, hebu ahirisha kidogo.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ngenge, Muleba. Mjomba wangu ni mpiga ngoma wa harusini. Nikamwekea kibodi ya MIDI, nikamvalisha hedifoni za Bluetooth, nikamwomba apige ngoma ile ile kwa vidole. Akagonga mara tatu, akazivua.

"Mwanangu, hiki kitu chako kinanijibu kama mtu wa kilima cha pili."

Hakukosea sana. Bluetooth peke yake inaweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 200. Hewani, sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo nilimweka mzee wa watu mita 70 kutoka kwenye ngoma yake mwenyewe!

Kibodi haina kosa. Hata kwa waya wa MIDI wa mwaka 1983, noti moja hupita kwa takriban milisekunde 1. Kinachochelewesha ni kompyuta, ambayo hukusanya sauti kwenye bafa kabla ya kuitoa. Bafa ya sampuli 1,024, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23. Ya 128 ni 3 tu. Basi nikachomeka hedifoni za waya, nikaweka draiva ya ASIO4ALL, ambayo ni ya bure, nikashusha bafa hadi 128. Sauti ikianza kukwaruza, panda 256. Wakati wa kumiksi ipandishe utakavyo, hapo hakuna anayepiga.

Wengi wetu hatufanyi hivyo. Tunarekodi hivyo hivyo halafu tunabonyeza kwantaizi, noti zote zinavutwa kwenye mistari ya gridi. Mimi hapo ndipo ninapogomba. Mtu anayesikia sauti kwa kuchelewa huanza kuwahi, mara anasita; pigo likipotea zaidi ya nusu ya kisanduku, kwantaizi inalipeleka kwa jirani. Umeshabadilisha ngoma, na hujui. Saida Karoli alipokifikisha Kihaya redioni nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi walicheza bila kuelewa hata neno. Walikuwa wanafuata mapigo. Ukiyanyoosha yote kama saa ya ukutani, huyo mgeni utamchezesha na nini?

Baada ya kurekebisha, mjomba alipiga dakika kumi bila kusimama. Kuna pigo moja, kila anapotaka kugeuza, analichelewesha makusudi. Mwenzangu wa chumbani amelisikia, akasema nilisogeze mbele kidogo likae sawa.

Nimekataa.