Chini ya 2 si tiketi ya kuvuka bahari

Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi, Kombe la Dunia 2018, wakatolewa kwa penalti. Tangu hapo nani anamwamini mtu wa umiliki wa mpira? Lakini kwenye boti za matanga, zile za kusafiri miezi na familia ndani, watu bado wananunua kwa takwimu moja.

Takwimu yenyewe ilitokana na msiba. Agosti 1979 boti 303 ziliondoka Uingereza kwenye mbio za Fastnet. Dhoruba ikazikuta njiani. Mabaharia 15 wa mbio hizo wakafa. Baadaye Wamarekani wakatunga kipimo cha kupinduka: upana wa boti, gawanya kwa kipeuo cha tatu cha ujazo wa maji inayoyasukuma. Jibu likiwa chini ya 2, boti inahesabika inafaa bahari kuu. Likizidi, ni pana na nyepesi mno, ikigeuka juu chini inaweza kugoma kurudi.

Contessa 32 ina upana wa mita 2.9 na uzito wa tani 4.3, jibu lake kama 1.8. Na Contessa moja, Assent, ndiyo pekee ya daraja la boti ndogo iliyomaliza mbio zile. Hapo wauzaji wanafunga mjadala.

Wanakosea. Fomula haijui uzito umekaa wapi. Ng'oa farumi, ule uzito wa chini unaoisimamisha boti, ukaufunge kileleni mwa mlingoti: jibu ni 1.8 vilevile, na boti inalala bandarini kabla nahodha hajamaliza chai. Mbaya zaidi, panga madumu ya maji juu ya sitaha, namba inapendeza wakati boti inazidi kuwa ya hatari! Ubora wa Contessa uko chini, kwenye mkuku, ambako karibu nusu ya uzito wake imekaa.

Ipo pia hesabu ya matanga kwa uzito; 16 hadi 18 ni msafiri, ikipita 20 ni mkimbiaji. Hiyo ni takwimu ya winga, haisemi kitu kuhusu beki.

Anayetaka kuvuka bahari adai mchoro wa uthabiti, unaoonyesha boti ikilala nyuzi ngapi haiinuki tena. Contessa inazidi 150. Muuzaji asiye nao abaki na 1.8 yake.