Kwetu msomaji alikuwa bibi
Mwandishi, waume wa Ulaya ya zamani uliowaeleza katika makala yako, waliowasomea wake zao karibu na moto, nimewaelewa, ila kwetu Njombe mambo yalikuwa kinyume. Kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya ilipofika mwaka 1973, babu hakujua hata herufi. Bibi alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima. Jioni, viazi vikichemka, alisoma kijitabu cha kampeni kwa sauti, kidole kikifuata mstari, babu akimkatiza kubishania kina cha shimo la choo. Barua za mjomba aliyekuwa akijenga reli ya TAZARA huko Makambako zilisomwa hivyohivyo, ila penye habari za pesa bibi alipita mbio ajabu. Babu akashtuka, naye akajiandikisha kwenye kisomo.